Msuli Wangu kwenye Spika

Daktari wa Kasese aliyenitibu nilipoanza kushindwa kukojoa aliwahi kuwa jeshini, na alidhani hata kibofu hupokea amri. Alifungua bomba la maji, akasimama nje ya pazia akifoka: "Mama, legeza! Acha woga!" Mkojo haukutoka. Akanitoa mkojo kwa mpira wa kuingiza kwenye kibofu, kama kawaida yake, kisha akamwambia mume wangu kwamba ni mawazo tu. Mtu mzima, koti jeupe, hana haya.

Mume wangu, dereva wa lori pale Bwera, alilipeleka neno hilo moja kwa moja kwa mama yake. Mama mkwe naye alikuwa na utaalamu wake: mwanamke anayebana mkojo anabana na tumbo, hataki kumzalia mwanawe. Aliyatangaza hayo kwa majirani huku akinikata jicho. Yeye na mwanawe wakakata shauri: nisipokojoa kama watu kufikia Idi, nirudishwe kwetu Maliba. Ndoa yangu sasa ilitegemea choo.

Kabla ya Idi wakaja wataalamu wageni hospitalini. Ultrasaundi ilionyesha kwamba msuli unaofunga njia ya mkojo umenenepa kupita kiasi. Kisha daktari wao, mwanamke, akachoma sindano nyembamba kwenye msuli wenyewe, sindano yenye waya uliofika kwenye spika ya kusikilizia msuli. Akaniambia nijaribu kukojoa. Alieleza kwamba msuli wenye afya hunyamaza hapo. Wangu ulinguruma chumba kizima, na mimi nimelala nimetulia.

"Huu haujui kulegea," akasema. "Si wewe unayebana."

Yule daktari wa amri, aliyekuja kutazama, akasema mashine ni mbovu. Nilimcheka waziwazi.

Mume wangu alikuwa nyuma ya pazia, kwa sababu kwetu mgonjwa haachwi bila mtu wake. Akaingia bila hodi, uso unang'aa, simu sikioni.

"Dokita, acha ilie kidogo," akaomba, akainyoosha simu hadi kwenye spika. "Mama, sikia! Iko mugonjwa kweli! Haikuwa inadanganya!"

Maneno hayo hayo nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu tangu tulipooana, nikilia. Alihitaji spika. Mama yake hakusikia vizuri, akataka irudiwe, naye akasogeza simu karibu zaidi na kunitabasamia kana kwamba ameniletea zawadi. Sindano ilikuwa bado ndani yangu, na hakuuliza kama inauma.

Nikamwomba daktari aitoe ile sindano, na amtoe na yule mwanamume mwenye simu.