Boila ya Fundi Shakiru

Mtu akiniambia tena kwamba binti yangu anatengeneza mabomu, nitammwagia chai. Nimechoka kueleza. Hapa Majengo kila anayekuja kununua vitumbua barazani kwangu ana swali lake. Mama Ummy, mwanao na hiyo mionzi, atazaa kweli? Mama Ummy, nywele hazijaanza kumtoka? Wanauliza huku mkono unanyooka kuchukua kitumbua cha kuonja. Ala! Uzazi wa mwanangu unawanyima usingizi, kulipa vitumbua vyangu hakuwanyimi.

Ilianza Ummy akiwa kidato cha sita. Mwalimu wake wa fizikia, Madam Theopista, aliwaambia wasichana kwamba sayansi ya nyuklia si mabomu. Kuna wanaotibu saratani kwa mionzi, kuna wanaotafuta mbegu bora, kuna wanaopima maji ya chemchemi wajue yametokea wapi. Basi mtoto akawa anarudi nyumbani kila mara na kazi mpya. Leo yuko hospitalini, kesho yuko shambani. Baba yake, Shakiru, akawa anamtania mezani, "Haya, leo wewe ni nani?"

Mpaka siku Ummy aliposikia kuna watu wanapiga picha chuma kwa mionzi, kama hospitali wanavyopiga mfupa, waone kama mahali palipochomelewa pameshika au pana uwazi ndani. Hapo akatulia. Baba yake ni fundi wa kuchomelea, karakana iko nyuma ya nyumba, mtoto amekua anafukuzwa kwenye cheche. Akaniambia, "Mama, hiyo ndiyo yangu."

Ukoo ukaja juu. Shangazi yake wa mtaa wa Soweto alilia machozi kabisa, eti mtoto wa kike, ataolewa na nani. Ummy akamjibu, "Shangazi, nikikosa mume nitahamia kwako, si una chumba cha uani?" Shangazi alinuna muda mrefu. Mimi nilicheka, na sijutii. Shakiru akasema mwacheni asome, na kweli akasoma, akafundishwa kazi, akaajiriwa na kampuni ya kupima vyuma Arusha. Siku hizi anavaa kofia ngumu, na kifuani kuna kidude kinachopima mionzi iliyomfikia, isije ikazidi kiasi.

Sasa sikia. Mwaka huu ushirika mmoja wa maziwa kule Masama ulimpa Shakiru kazi ya kuwatengenezea boila, ya kutoa mvuke wa kuchemshia maziwa. Huyu ni mtu wa mageti, vitanda na matela. Boila ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzishika, na hakuna aliyepita mtaani asiitwe kuja kuitazama. Lakini boila haiwashwi hivi hivi, sharti ipigwe picha kwanza. Kampuni ikampanga Ummy. Akamwambia bosi wake kwamba fundi ni baba yake mzazi. Bosi akamuuliza kama ataona haya kuikataa ikiwa mbovu. Akasema haoni.

Majengo nzima ikacheka. Imeshapita hiyo, walisema, binti gani amkatae baba yake? Shakiru naye alicheka nao.

Siku ya siku, boila imeshapelekwa Masama, nikafuatana na Shakiru na Ummy, maana sikuwahi kumwona mwanangu kazini. Kina mama wa Masama walikuwa wamejaa uwanjani na madumu yao ya maziwa, machalari, zile ndizi za nyama, yanachemka jikoni kwa ajili ya sherehe. Ummy akavuta kamba kuizunguka boila, kwa mbali, akatufukuza wote nyuma yake. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Ebenezeri, akabaki amesimama ndani.

"Shikamoo, babu. Naomba urudi nyuma ya kamba."

"Marahaba. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Mionzi haimjui mwenyekiti, babu."

Kina mama wakaangua kicheko, mzee akarudi. "Na wewe, baba," Ummy akasema. Shakiru akarudi huku anatikisa kichwa, amejaa fahari.

Picha zilipokwisha kupigwa, zilisafishwa ndani ya gari la kampuni. Ummy alipotoka nikamwona uso, nikajua. Alikwenda moja kwa moja kwenye boila na chaki, akachora alama ubavuni.

"Baba, hapa hapajashika. Boila isiwashwe."

Shakiru akamtazama kama hajamsikia. "Nimeanza kuchomelea wewe hujazaliwa."

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

Mzee Ebenezeri akaingilia kwa upole. "Binti yangu, hapo ni padogo. Tuiwashe pole pole, watu wasimwage maziwa, halafu mtaparekebisha."

"Sipitishi, babu. Samahani."

Jamani, nilimchukia mwanangu pale pale. Nilimvuta kando kwa mkono. "Wewe, unataka baba yako aingie Majengo na uso gani?"

"Na ikipasuka, mama, ataingia na uso gani? Mvuke utamuunguza yule pale."

Nikatazama. Alikuwa dada mmoja anaitwa Anaeli, aliyeajiriwa kuwasha boila kila asubuhi. Anafuta bomba kwa kitambaa, anaimba kidogo kidogo, ana furaha ya kupata kazi. Nikamwachia mkono. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona kwamba watoto wa kusoma ndivyo walivyo, hawana adabu. Hasira zikanipanda mpaka utosini.

"Adabu gani?" nikageuka. "Akae kimya mchemshwe pamoja na maziwa yenu, ndiyo adabu? Mwenye neno juu ya mwanangu aje aniambie mimi!"

Hakuna aliyekuja. Ila Shakiru alikuwa ameshachukua grenda, mashine yake ya kukatia chuma. "Nitapafungua mbele yenu wote," akasema. "Pakiwa pazima, Ummy, wewe na picha zako muondoke, na gari hilo lisisimame tena mlangoni kwangu."

Ummy hakurudi nyuma hata hatua. "Fungua, baba. Kwenye chaki."

Grenda ikalia, cheche zikaruka, kina mama wakaziba masikio. Mimi nilikuwa naomba Mungu, lakini nilishindwa kujua niombe nini. Nikiomba pawe pazima nampoteza mtoto, nikiomba pawe pabovu namwaibisha mume. Shakiru alikata, akasimama, akakata tena kidogo. Kisha akazima mashine, akavua miwani, akaingiza ukucha kwenye mkato. Ukatoka na taka nyeusi, na pembeni yake palikuwa na mwanya, chuma na chuma havijagusana.

Alikaa pale ameinama. Aliposema, alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Siku ile umeme ulikuwa unakatika kila saa. Nilifunika juu nikidhani chini pameshika."

Mzee Ebenezeri akavua kofia. Anaeli aliacha kufuta bomba, akaja kuuchungulia ule mwanya, halafu akarudi nyuma taratibu.

"Kwingine ni wapi?" Shakiru akauliza.

"Huku chini, karibu na mguu."

"Weka alama."

Ummy akapiga magoti, akachora. Mimi machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

"Nitachomelea upya," Shakiru akasema. "Nawe urudi upige picha."

"Nitarudi, baba. Lakini nikikuta kasoro, nitaikataa tena."

Shakiru akamnyanyua binti yake pale chini, akamkung'uta vumbi la chuma begani.

"Ole wako usipoikataa."