Pamba na Jemadari

Mtaani walimwita Sponji, kwa kuwa alikuwa fundi wa makochi na nywele zake hazikukosa vipande vya sponji. Alikuwa mpole, mtu wa kazi yake, na kwa miaka mingi aliishi raha mustarehe na mkewe, karani wa posta, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana. Watoto walikuwa wameshaondoka. Aliyebaki kudekezwa ni Pamba, paka jike mweupe, aliyedekezwa hasa. Mkewe alikuwa akisema, "Ningezaliwa paka, ningefaidi zaidi nyumba hii."

Magoti ya mama mkwe yalipoanza kumgomea, fundi mwenyewe ndiye aliyesema mama asikae peke yake, aje kwao. Alisema kwa moyo mweupe. Ila hakuna aliyemdokeza kwamba mama hatembei bila Jemadari.

Jemadari alikuwa dume la kijivu, pande la paka, ncha ya sikio moja imenyofoka. Fundi alikipokea kikapu, akakiweka katikati ya sebule, akafungua kifuniko. Pamba alikuwa amejilaza kwenye zulia. Kufumba na kufumbua, paka wawili wakawa mpira mmoja wa manyoya na makelele. Fundi akajitosa kuamua ugomvi, akatoka na mkono umeparurwa toka kiwiko hadi kiganja.

"Pole, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ila wako ndiye aliyeanza."

Fundi akaenda kuosha mkono. Mama mkwe hajibiwi.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Jemadari aliweka kambi kwenye ujia, na Pamba, akiogopa kupita kwenda kwenye beseni lake la mchanga, akaenda kujisaidia juu ya kochi la mteja lililokuwa limevalishwa kitambaa kipya asubuhi ileile. Wakubwa nao walianza kununiana kimyakimya. Mama akikaa sebuleni, fundi yuko karakana. Fundi akija kula, mama ameshashiba. Karani wa posta, katikati ya mama na mume, alichoka, akampeleka mumewe kwa daktari wa mifugo.

"Uliwakutanishaje?" daktari aliuliza.

"Nilifungua kikapu tu."

"Na wewe, mtu akikuvamia chumbani bila hodi, utamkumbatia?"

Fundi akacheka, akakiri kosa. Daktari akamweleza waanze upya, kama vile paka hawajawahi kuonana. Kila mmoja awe na chumba chake, bakuli lake na beseni lake. Wabadilishane matandiko, wazoeane harufu. Wale kwa wakati mmoja, mlango uliofungwa ukiwa kati yao. Wakipigana, asiingize mkono. Asukume mto katikati. Na yule dume ahasiwe.

Hilo la mwisho lilimtoa fundi jasho. Alirudi akasimama mbele ya mama mkwe, kofia mkononi. "Mama, daktari amesema... Jemadari... inafaa apunguziwe ujana."

Mama alimtazama, kisha akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka. "Sema ahasiwe, mwanangu! Nimezaa watoto saba mimi, unanionea haya gani?"

Basi wakaanza. Asubuhi na jioni mama alikaa kitandani, mlango umefungwa, Jemadari akila miguuni pake. Upande wa pili fundi alichuchumaa na bakuli la Pamba. Siku za kwanza paka walingurumiana, fundi akasogeza bakuli nyuma. Kwa kuwa kukaa kimya kulichosha, mama akaanza kuongea kupitia mlango. Alimweleza jinsi alivyolia siku ya kufunga nyumba yake, na alivyoogopa kuja kuwa mzigo kwa mkwe. Fundi, ambaye uso kwa uso alikuwa haongezi neno baada ya shikamoo, naye akajikuta akimjibu.

"Wewe si mzigo, mama. Mimi ndiye niliyesema uje."

"Wewe? Nilidhani ni binti yangu!"

Wiki ya tano wakaacha mlango upenyo wa vidole viwili. Pamba akanusa, Jemadari akanusa, kila mmoja akarudi kwenye chakula chake. Ya nane wakaufungua wote. Fundi alikuwa amepigilia rafu ukutani, juu, akazivalisha mabaki ya vitambaa, ili anayeudhika apande zake huko.

Urafiki wa kulambana haukuja. Bado siku mojamoja Jemadari humkodolea Pamba macho, na mama humrushia kijiti chenye manyoya akasahau. Lakini damu haijamwagika tena. Jioni moja karani wa posta alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake karakana, miwani puani, akishona vifungo kwenye mto na kubishana na mkwewe kuhusu rangi ya uzi. Paka mmoja alikuwa kwenye rafu, mwingine chini ya meza, wote wamelala. Hakuna aliyegeuka kumsalimia. Akavua viatu, akaenda jikoni kuinjika chai.