Kikapu cha Walio Mbali

Kiranja wa sala hachaguliwi kwa utakatifu wake, msidanganyike. Anachaguliwa kwa sauti. Mwaka wa 1997, katika shule ya msingi ya masista iliyo kando ya barabara ya Namanga, ukishaiacha Kitengela na kabla hujafika Kisaju, mwenye sauti alikuwa Munyiva wa darasa la saba. Darasani hukumsikia. Lakini akisimama mbele ya watoto mia tatu saa sita mchana na kuanzisha Malaika wa Bwana, hata wapishi jikoni waliweka miiko chini. Sista Evalyne, mwalimu mkuu, alimkabidhi ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo akamwambia, "Sasa wewe ndio mdomo wa shule mbele ya Mungu." Maneno mazito hayo kumtwika mtoto wa miaka kumi na mitatu, lakini Munyiva aliyabeba yote.

Aliongoza rozari mwezi mzima wa Oktoba. Alichagua wasomaji wa misa ya Ijumaa, na wakati wa mahubiri alipita akiwaamsha wa darasa la kwanza waliolala midomo wazi. Wenzake walimheshimu, na kwa sababu walimheshimu hawakucheza naye. Nani atacheza mpira wa kati na mtu anayeandika majina ya wapiga kelele kanisani? Chakula cha mchana alikula peke yake kwenye ngazi za kanisa, ufunguo ukining'inia shingoni.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mama yake, Mwongeli, alikuwa mshonaji katika viwanda vya nguo vya EPZ, Athi River. Alitoka kabla ya jua na kurudi baada ya jua. Baba yake, Mulinge wa Kiema, aliondoka mwaka wa 1994 kwenda Loitokitok kukodi shamba la kunyunyizia maji, alime nyanya na vitunguu. Alisema anavuna mara moja tu, kisha anarudi. Alituma kreti moja ya nyanya kupitia dereva wa lori, nusu zikiwa zimeoza, na tangu hapo hakusikika tena. Majirani kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga walisema amepata nyumba nyingine huko. Mwongeli aliwajibu, "Ako shamba," mpaka wakachoka kuuliza. Ndani ya nyumba yao jina la Mulinge halikutajwa, wala kwa wema wala kwa ubaya.

Sasa Novemba, kama mjuavyo, Wakatoliki huwaombea marehemu. Pale shuleni kila mtoto aliandika jina la marehemu wake kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukitia kwenye kiondo kilichowekwa mbele ya altare. Kila Ijumaa kiranja wa sala alizitoa karatasi moja moja, akasoma jina, na shule nzima ikajibu, "Umpe raha ya milele, ee Bwana." Ulikuwa mwaka wa El Niño. Udongo mweusi wa Kitengela uliwavua watu viatu, na Padre Nalianya alifika kwa miguu, gambuti zimejaa tope, mavazi ya misa ameyabeba kichwani ndani ya mfuko wa plastiki. Munyiva alisoma mababu, alisoma manyanya, alisoma watoto wachanga waliokufa kabla ya ubatizo. Mtoto mmoja wa darasa la pili, wa familia ya wafugaji wa Kisaju, alikuwa ameandika jina la ndama wake. Munyiva alilisoma bila kutingisha sauti, shule ikajibu, na Mungu bila shaka alijua la kufanya na ndama.

Alichokiona Munyiva ni hiki: jina likisomwa, mwenye marehemu aliinua kichwa kidogo. Hata yule wa ndama aliinua. Ni kitu kizuri, bwana, mtu wako kutajwa na watu mia tatu kwa mara moja. Yeye hakuwa na wa kutaja. Wafu wa ukoo wao walikuwa wa zamani sana, hakuwajua, na mtu mmoja aliyemtamani usiku na mchana hakuwa mfu.

Ijumaa ya tatu karatasi ziliisha na mdomo wake ulikuwa bado wazi. "Mulinge wa Kiema," akasema.

"Umpe raha ya milele, ee Bwana," shule ikajibu.

Alisikia utamu mwilini, kisha baridi. Jamani, hakumtakia baba yake kifo. Alitaka tu atajwe. Kama kungekuwa na sala ya watu walio hai lakini hawaonekani, angemtia humo, lakini mwezi wa Novemba ulikuwa na mlango mmoja tu na ulikuwa wa wafu.

Jumapili alasiri Sista Evalyne alifika kwenye ploti pamoja na wanawake wawili wa jumuiya ya kanisa, wamebeba sukari kilo mbili na pakiti za unga. Munyiva alikuwa nyuma ya pazia lililogawa chumba. Akasikia hodi, akasikia mama yake akifungua mlango.

"Pole sana, Mama Munyiva," Sista akasema. "Tulisikia jina la mzee kwa misa. Mbona ulinyamaza na sisi watu wako tuko hapa?"

Munyiva alishika pazia akangoja. Alijua mama atauliza nani kafa, kisha atamwita, kisha kutakuwa na fimbo, na kesho yake aibu mbele ya shule nzima. Mwongeli aligeuka akalitazama pazia.

"Asanteni," akasema. "Karibuni ndani."

Msiharakishe kumhukumu. Miaka mitatu alikuwa mke aliyeachwa, mtu wa kunong'onwa kwenye mfereji wa maji. Alasiri moja, bila kuomba, amepewa ujane, na mjane ana kiti chake na heshima yake. Mwongeli alikikalia. Wanawake waliimba, wakasali, wakalia kidogo kama inavyopasa. Walipoondoka alichemsha chai kwa sukari ileile, akammiminia bintiye kikombe, wakanywa. Hakumuuliza neno. Hakumuuliza siku ile wala siku nyingine yoyote, na Munyiva angefurahia fimbo kuliko kile kimya.

Kabla ya Krismasi alikwenda kuungama. Padre Nalianya alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwambie mama yako ukweli," akasema, "halafu mwambie Sista."

"Mama anajua, Fadha."

Padre alipumua kwa nguvu, akampa Salamu Maria tano na kumwambia aombe ujasiri. Salamu Maria alizisali. Ujasiri haukuja, na kila wiki iliyopita ilizidi kuufanya uongo ule kuwa jambo la kawaida. Muhula ulipofunguliwa alimrudishia Sista ufunguo akisema koo lamuuma. Koo halikuwa na neno.

Alisoma, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka wa 2005 akarudi kufundisha palepale. Sista Evalyne alikuwa amehamishwa. Walimu wa zamani walisema, "Si wewe ulikuwa kiranja wa sala? Basi chukua sala," wakafurahi kuutua mzigo. Mama yake alikuwa amerudi kwao Machakos kulima. Munyiva alikodi chumba kimoja nyuma ya shule, akapika ugali wa mtu mmoja, akazoea. Mchumba alipata, kijana wa Embulbul mwenye tabia njema. Siku moja kijana akamuuliza mahari atampelekea nani. Munyiva alishindwa kusema baba amekufa na alishindwa kusema yu hai. Kijana alingoja jibu miezi saba, kisha akaacha kupiga simu.

Novemba yake ya kwanza kama mwalimu aliweka viondo viwili mbele ya altare.

"Hiki ni cha marehemu," akawaambia watoto. "Hiki kingine ni cha walio mbali. Mtu yuko hai lakini humwoni, na hujui anarudi lini. Huyo mwandike hapa. Tukimsoma tutajibu, Umrudishe, ee Bwana."

Padre mpya aliuliza hilo limeandikwa wapi katika liturujia. Munyiva akajibu halijaandikwa popote. Padre alijikuna kichwa akaliacha. Wiki ya kwanza kiondo cha pili kilijaa kuliko cha kwanza: mababa, makaka, mama aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Hata mwalimu mmoja alipita akatumbukiza karatasi akidhani haonekani. Lakini karatasi iliyotangulia zote kila mwaka ilikuwa ya Munyiva mwenyewe, kwa mwandiko uleule wa ubaoni. Kwa miaka mitano, walimu wa zamani wakiwa wamelisahau jina, watoto mia tatu walimwomba Mungu amrudishe Mulinge wa Kiema.

Oktoba mwaka wa 2010 simu ya ofisini ililia, akaitwa.

"Mwalimu Munyiva? Mimi naitwa Lesiamon. Nilikuwa jirani ya mzee Mulinge hapa Loitokitok. Nilikuwa napita na lori, nikaandika namba ya shule kwa ile bango yenu, mzee alikuwa ametuambia mtoto wake Munyiva alisoma hapo. Mzee ametuacha, mwalimu. Ilikuwa kifua. Tulimzika Jumatano."

Munyiva aliketi. Aliuliza kama alikuwa na mke, kama alikuwa na watoto. Lesiamon akasema hapana, mzee alikaa peke yake, alilima vitunguu vya watu. Kisha akasema kuna lingine.

"Alirudi huko wakati moja. Ile mwaka ya El Niño ikiisha, ninety-eight. Alifika steji ya magari ya Kitengela, mama mmoja wa mboga akamwona, akapiga ishara ya msalaba. Akamwambia, si wewe ulikufa? Kanisa ilienda kwako na sukari, bibi yako akapokea. Na ni mtoto wako alisoma jina. Mzee hakuvuka barabara. Alipanda gari akarudi. Alikuwa anatuambia, mimi nilishazikwa na watu wangu, nikirudi nitakuwa nani?"

Mimi ningekuwa na la kumjibu mzee huyo. Mwanamume mzima anaambiwa amekufa naye anakubali! Alikwenda Loitokitok kwa miguu yake, alinyamaza miaka mitatu kwa mdomo wake, na alipopata kisingizio cha kutovuka barabara alikikumbatia. Mtoto wa miaka kumi na mitatu asibebeshwe yote. Lakini Munyiva hakuniuliza mimi. Aliweka simu chini taratibu, akaenda darasa la sita, akafundisha mzunguko wa damu katika mishipa mpaka kengele ikalia.

Jioni alimpigia mama yake. Alimwambia kifo na maziko. Hiyo habari ya steji ya Kitengela aliimeza, na hajamwambia mtu mpaka leo. Upande wa pili Munyiva alisikia kuku.

"Mimi nilishapewa pole, Munyiva," mama akasema. "Sukari tulishakunywa."

Kesho yake alitaka kuomba ruhusa ya siku mbili. Akafika mlangoni kwa mwalimu mkuu, akasimama. Angesema nini? Nusu ya walimu wale walijua baba yake alikufa zama za El Niño. Kuna mmoja aliyekuwa miongoni mwa waimbaji siku ile ya sukari. Nani atakusanya pole mara mbili kwa marehemu mmoja? Aligeuka akarudi kusahihisha madaftari. Majuma mawili alitembea na msiba wake kati ya watu, akisalimiwa, akiulizwa habari, akisema nzuri.

Ijumaa ya kwanza ya Novemba kiranja wa sala, msichana wa darasa la saba aitwaye Naeku, alikuwa akipanga karatasi kabla ya misa. Alimjia mwalimu wake na moja mkononi.

"Mwalimu, hii imeingia kwa kiondo ya marehemu. Huyu ni wa ile ingine. Hata mwaka jana na mwaka juzi alikuwa wa ile ingine."

"Haijakosea," Munyiva akasema. "Mwaka huu ni wa hapo."

Naeku aliitazama karatasi. Aliutazama mwandiko, ambao kila siku aliunakili kutoka ubaoni. Aliikunja, akaiweka chini ya nyingine zote.

Aliisoma mwisho. "Mulinge wa Kiema," akasema polepole kuliko alivyosoma wengine, na watoto mia tatu wakajibu. Munyiva, aliyechaguliwa kwa sauti, alifungua mdomo ajibu pamoja nao na hakikutoka kitu.

Baada ya misa watoto walitoka mbio kwenda kunywa uji. Naeku alifunga kabati la vitabu, akaja mpaka kwenye benchi la walimu na kumpa ufunguo kwa mikono miwili.

"Pole, Mwalimu," akasema.

Munyiva alipokea ufunguo. Alisema asante, na hapo ndipo alipolia.