Chumvi Niliyoimwaga Mtae

Mkasa huu mke wangu hataki niusimulie mbele ya wageni, lakini kwa kuwa ametoka, sikilizeni: siku ile nilijiaibisha mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamefurika mitumba na vitu vya nje, nami nimerudi nyumbani Mtae kutoka Ujerumani kwenye kozi ya ufundi (miezi sita tu, lakini hata kukohoa nilikuwa nakohoa Kijerumani). Wajomba wa mchumba wangu walikuwa wanapanda kutoka Mlalo kuleta jibu la posa, na asubuhi hiyo hiyo ikashuka mvua ya mawe, kilima cha kuingilia kwetu kikawa cheupe pe.

Mama akasema tumwage majivu na kokoto, kama tunavyofanya siku zote njia ikiteleza. Nikamcheka. "Mama, Ulaya barafu inamwagiwa chumvi, magari yanapita bila wasiwasi."

Nikachukua dukani magunia mawili ya chumvi ya mawe, nikamwaga kilima kizima majirani wakiniangalia, na kweli barafu ikayeyuka, kichwa kikanivimba. Nilichosahau ni kwamba kule chini ya barafu kuna lami, kwetu kuna udongo mwekundu, basi ukawa utelezi mtupu; halafu kule hakuna ng'ombe barabarani. Wa kwetu walipoionja ile chumvi walijaa njia nzima wanalamba, hata fimbo haiwatoi.

Gari la wajomba likakwama nyuma ya mikia. Mjomba mkubwa akashuka na suti yake ya kijivu, nikamkimbilia, "Shikamoo mjomba," na kabla hajaitikia miguu ikamteleza, akaketi topeni, ndama akaanza kumlamba kiganja. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaja na karai la majivu, akamwaga hatua kwa hatua mpaka pale alipoketi mjomba, akamshika mkono, wakapanda wote polepole.

Sebuleni mjomba amevaa suruali ya kuazima, nami najua mke nimeshamkosa. Mwishowe akasema, "Binti tunamtoa. Lakini tunamkabidhi kwa mama huyu, siyo kwa huyu fundi."

Nikainamisha kichwa, nikashukuru hivyo hivyo. Na nikaapa kimoyomoyo kwamba sitamfundisha tena mama yangu kilima alichokipanda maisha yake yote.