Mama Sanduku na Kona ya Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya gereji, vumbi limeamka mapema kuliko watu. Mwanamke aliyevaa kofia ngumu nyekundu anazunguka matairi mawili chakavu yaliyolazwa chini. Anaendesha pikipiki ndefu ya njia mbovu, ile yenye tairi za meno. Nyuma yake limefungwa sanduku la baridi lililojazwa chupa za maji, ili liwe na uzito uleule wa kazini.

Kati ya tangi la mafuta na paja lake la upande wa nje wa kona kuna kitambaa kikuukuu cha kufutia oili. Kikianguka, anarudia.

Kinaanguka.

"Rudia!" anapaza sauti fundi wa gereji, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kitambaa hakina gundi, dada. Gundi ni paja lako."

Anarudia. Ana majibu tele, lakini pumzi anaitunzia kona.

Kazi yake ni kupeleka chanjo kutoka stoo ya dawa hadi zahanati za vijijini. Watu wanamwita Mama Sanduku. Watoto wachanga hawamjui, wakubwa humshangilia, na wale wa katikati, wanaoikumbuka sindano vizuri, hukimbilia uvunguni wakisikia mlio wa pikipiki.

Siku hizi anapelekea zahanati za bondeni tu. Njia ya mlimani alinyang'anywa, na hilo linamuuma kuliko mkono uliowahi kuvunjika.

Njia hiyo ina kona moja kali, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo. Wenyeji wanaiita Kona ya Mkwe, kwa sababu hakuna anayeipita bila kupunguza mwendo na kushika adabu. Mama Sanduku aliipita kwa muda mrefu, kila mara roho mkononi, hadi asubuhi moja ya utelezi ilipomkataa.

"Kosa lilikuwa mapenzi," anasema, na anacheka kidogo. "Nililionea sanduku huruma. Kila nikifika kwenye kona nilirudi nyuma nikalikinga kwa mgongo, kama mama mwenye mtoto. Sikujua kuwa nikikaa nyuma, gurudumu la mbele linabaki jepesi. Likiwa jepesi halishiki ardhi. Halafu nikashika breki katikati ya kona. Basi, kwisha habari."

Pikipiki ilienda upande wake, yeye upande wake, na sanduku likafunguka. Chupa za chanjo zilitapakaa kwenye tope. Kule juu akina mama walikuwa wanangoja na watoto wao, wengine wametembea tangu alfajiri.

"Nilipanda kwa miguu kwenda kuwaambia, mkono umening'inia," anasema. "Hakuna aliyenitukana. Walibeba watoto wao wakaondoka. Bora wangenitukana."

Tangu hapo chanjo za mlimani zinapelekwa na gari, nalo hupanda barabara ikikauka tu. Madereva wengine wawili wa pikipiki walipoombwa kuishika njia hiyo, walikataa katakata. Msimamizi wa stoo alimwekea Mama Sanduku sharti moja: aipite Kona ya Mkwe na sanduku zito mbele ya macho yake, kabla ya mvua kubwa. Akishindwa, asiitaje tena njia ya mlimani.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijiambia, akaenda kwa fundi, ambaye enzi zake alishindana mbio za pikipiki za matopeni na bado anachechemea kwa sababu ya mbio hizo.

Fundi alimtazama akizunguka mara moja tu, akashika kichwa. Kisha akaanza kumvunja mazoea, moja baada ya jingine. Breki zimalizike kabla ya kona. Sogea mbele mpaka uguse tangi. Kiwiko cha nje kiinuke. Kanyaga kwa nguvu kikanyagio cha nje, mguu wa ndani unyooshe mbele. Macho yaangalie unakotokea, maana pikipiki hufuata macho.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema fundi, "lakini hapa inayoinama ni pikipiki. Wewe kaa wima juu yake."

Nyumbani, mama mzazi wa Mama Sanduku, anayemlelea binti yake akiwa kazini, hajafurahishwa na masomo hayo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," anasema bibi huyo huku akipepeta mchele. "Huyu amevunjika mkono. Guu linangoja zamu yake."

"Mama, nisipojifunza ndipo nitakapovunjika," Mama Sanduku anamjibu.

Bibi anaendelea kupepeta. Lakini viraka viwili vinene kwenye magoti ya suruali ya mazoezi ni kazi ya mkono wake, na hakuna aliyemwomba.

Siku ya jaribio inafika, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua imenyesha. Msimamizi amekuja na gari, chanjo zimo ndani. Alipanga kuzifikisha mwenyewe baada ya jaribio. Chini kidogo ya kona, gari linazungusha magurudumu pale pale, tope linaruka hadi kwenye vioo. Anashuka, viatu vinazama.

"Tuahirishe, dada?"

"Kule juu watoto wanaahirisha kuzaliwa?" anamuuliza.

Msimamizi anafungua gari, anatoa sanduku la chanjo na kulifunga kwenye pikipiki mahali pa lile la chupa za maji.

Mama Sanduku anaondoka. Hatua chache kabla ya kona, mgongo wake unaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea sandukuni. Fundi, aliyesimama kando ya ukuta wa udongo, anauma kidole.

Mama Sanduku anashtuka mwenyewe. Anasogea mbele hadi tangini. Anamaliza breki, anainua kiwiko, anaisukuma pikipiki ilale huku yeye amebaki wima. Gurudumu la nyuma linateleza kuelekea korongoni. Hatazami korongo. Anatazama barabara inakotokea, anaongeza mafuta kidogo, meno ya tairi yanauma udongo, na kona inabaki nyuma yake.

Fundi anarukaruka kwa mguu wake mzima. Msimamizi anajifuta uso kwa kitambaa na kusema ni tope tu.

Zahanatini, muuguzi anafungua sanduku. Barafu haijayeyuka, hakuna chupa iliyopasuka. Mtoto wa kwanza anachomwa sindano na kuangua kilio kinachosikika hadi barabarani. Mama Sanduku anakaa kwenye ngazi, kofia mapajani, na machozi yanamtoka waziwazi.

Njia ya mlimani ni yake tena, msimamizi ameshatamka mbele ya watu. Lakini yeye ana jingine kichwani. Jumapili anataka kuwaleta wale madereva wawili nyuma ya gereji, na fundi amekubali.

"Nitaanza na mwoga zaidi," anasema.

Ni nani huyo?

"Yule anayesema haogopi." Anacheka, kisha anaivaa kofia na kuikaza. "Nikiwa peke yangu, siku nikiugua mlima wote umekosa chanjo. Nataka tuwe watatu kabla ya mvua kubwa."