Mkono wa Bwana Zurbuchen Nje ya Dirisha

Reto Zurbuchen alistaafu kazi ya posta hapa Biel, Uswisi, akiwa na mgongo mbovu na saa za mkononi tisa. Zote alizivaa kwa mpigo, nne kulia, tano kushoto. Ni zile saa za zamani zisizopiga tiki-taka. Ndani mna uma mdogo wa chuma unaotetemeka, basi saa inavuma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya gilasi.

Kwenye kwaya yetu alisimama safu ya besi, ubavuni pangu. Jumanne moja Bibi Gygax, mwalimu wetu, alishusha mikono.

"Nani anavuma kabla sijaanzisha?"

"Si mimi, mwalimu. Ni hizi."

"Zivue."

"Nikizivua zitapata baridi."

Akafukuzwa. Wiki ileile tukaanza kuporomoka. Tulikuwa tunaanza wimbo juu, tunaumaliza chini, kila mtu akimtazama mwenzake kama mwizi. Mwezi mzima Bibi Gygax alitugombeza, mpaka akatambua kwamba miaka yote tulikuwa tunaishika sauti kutoka kwenye mikono ya Zurbuchen. Akamfuata nyumbani na keki ya karoti. Zurbuchen akaila yote kwanza, ndipo akakubali kurudi.

Tukaenda mashindanoni Solothurn. Sharti lilikuwa moja: kuimba bila ala yoyote ukumbini. Mwamuzi, mzee mmoja aitwaye Amstutz, akasikia mvumo, akaja kuinamisha sikio kwenye mikono ya Zurbuchen.

"Hizi ni ala."

"Ni saa, bwana. Tazama, zinasema saa ngapi."

Amstutz akazilinganisha na yake moja moja, bila haraka, watu mia mbili wakingoja. Nane zilikuwa sawasawa. Ya tisa, ya mkono wa kushoto, ilivuma vizuri lakini mishale ilikuwa imeganda kwenye saa kumi na dakika ishirini.

"Hii haisemi saa," akaamua. "Inavuma tu. Kwa hiyo ni ala. Itoke ukumbini."

"Huyu ni mgonjwa. Mgonjwa haachwi peke yake."

"Sheria inasema: hakuna ala ukumbini."

Zurbuchen akafikiri kidogo, akaenda dirishani, akalifungua, akautoa nje mkono wote wa kushoto. Mvua ilikuwa inanyesha. Amstutz akapima kwa macho, akaridhika kwamba saa ile haimo ukumbini, akarudi kwenye kiti chake.

Tukaimba nyimbo tatu. Zurbuchen aliimba akiwa ameegemea dirisha, amefunika ile saa mgonjwa kwa mkono wa shati, na kule nje mpita njia mmoja, akidhani anasalimiwa, akampa mkono. Zurbuchen hakukosea hata noti moja.

Tukawa wa pili, tukapewa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Hata hao walioshinda walikata rufaa. Walidai mpita njia alikuwa ameungana na kwaya yetu bila kusajiliwa.