Nywele Alizozichana Dada

Dada yangu alikuwa msusi pale Kitengela, na alimtunza mbwa wake kama mteja. Alikuwa poodle, ile aina ndogo kabisa, nywele za kujikunja mwili mzima. Mama mmoja wa salon aliyehamia ng'ambo ndiye aliyemwachia. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mbwa gani huyu wa kuchanwa kila jioni? Dada aliwaambia kwamba nywele za namna hiyo hazidondoki, zinakua tu kama za mtu, na zisipochanwa zinajisokota mpaka zinavuta ngozi. Mimi nilijua kazi ya mbwa ni kubweka. Huyo hata kubweka alibweka kwa adabu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili malaria ilimpanda dada kichwani, tukamzika kwetu Ukambani. Tuliporudi Kitengela mama akatangaza kwamba hakuna atakayemgusa mbwa kwa kitana wala makasi.

"Mikono ya mwisho kupita hapo ni ya mtoto wangu," alisema. "Mwacheni hivyo."

Jioni alimpakata, akazamisha uso katika zile nywele, akanusa. Kisha akamnong'oneza mbwa, akimwita kwa jina la dada. Haki ya Mungu, niliogopa kukaa sebuleni kwetu wenyewe.

Miezi ikapita. Nywele zikashikana na vumbi, zikawa gamba moja gumu, na chini yake ngozi ikaanza kuoza. Mbwa akahamia chini ya kitanda cha dada, akakataa kutoka, ukimgusa analia. Na harufu, woi! Nyumba nzima.

"Mama, huyu anakufa," nilimwambia.

"Kwani wewe umeshasahau haraka hivyo?"

Maneno hayo yaliniuma. Nilitoka nikabamiza mlango, na hapo nje nikakutana na jirani yetu, bibi wa Kimaasai aliyetuletea maziwa. Tulimwita Koko, yaani nyanya. Nikamweleza yote kwa hasira. Aliingia ndani, akaketi, akakitazama kitambaa alichojifunga mama kichwani. Mbwa hata hakumwulizia.

"Yeyo, mama, umezika mtoto na kichwa bado kiko na nywele?"

Mama akasema sisi ni watu wa kanisa, mambo ya kunyoa matanga tuliyaacha zamani.

"Kanisa ni sawa. Lakini hizo nywele zilikuwa hapo akikufa. Sisi Wamaasai hatubebi hizo. Wewe umebeba zako, na umebebesha mbwa zake. Hawezi kunyolewa kabla ya mama."

Nilingoja mama afoke. Badala yake akafungua kile kitambaa. Nywele zilikuwa zimejisokota vibaya, hazijaona kitana tangu mazishi, na sisi wote katika nyumba ile hatukuwa tumeziona.

Koko alichanganya maziwa kidogo na maji, akamlowesha, akamnyoa kwa wembe mpaka kichwa kikang'aa. Ndipo mama mwenyewe akainama chini ya kitanda, akamtoa mbwa, akamshika miguu. Koko akaanza na makasi shingoni, polepole. Gamba lilitoka zima. Mama akalichukua kwa mikono miwili, akalileta puani, akavuta pumzi.

"Inanuka usaha tu," alisema. Akavuta tena. "Usaha tu."

Akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata kaburini. Koko alimshikilia mabega.

Mbwa akashuka, mdogo kama panya, mwekundu, anatetemeka. Akatoka mpaka uani. Sote tukamfuata. Barabara ilikuwa tupu, jua bado kali, lakini alisimama mbele ya geti lililo wazi, masikio juu, akaanza kutikisa mkia, kama zamani dada akirudi kutoka kazini.

"Hakuna mtu hapo," mama alimwambia. "Amekufa."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutamka neno hilo. Mkia haukuacha. Mimi nilikuwa nimempita, nimesimama katikati ya geti. Nikasogea kando, nikaacha nafasi ya mtu kupita.